Nani Mwenye Ndege Hii?

Ndugu msomaji, swali lenyewe ni hili, na nakuomba usilicheke kabla hujalisikia lote. Kitu kikisuswa na aliyekitengeneza, kikaokotwa na watu baki, wakakitia viraka mpaka kikaendelea kutembea miaka ishirini, kitu hicho ni cha nani? Na yule anayekitumia leo bila kutoa hata senti tano, tumwite mrithi, mgeni au mwizi?

Wenzetu wa vyuo vikuu huliuliza swali linalofanana na hili kwa mfano wa merikebu ya Wagiriki, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja hadi usibaki hata ubao wa mwanzo. Mimi sina merikebu. Usangi ni milimani bwana, bahari wengi wetu tumeiona kwanza kwenye kalenda. Mfano wangu ni ndege, tena ndege ambayo haijawahi kunyanyuka futi moja kutoka mezani.

Kwa asiyeijua, simuleta ni programu ya kompyuta inayoigiza urushaji wa ndege. Unakaa mbele ya skrini, unaona saa na mishale ile ile anayoiona rubani, unaongeza nguvu za injini, unavuta usukani taratibu, na ardhi inakuacha. Humo hamna adui wa kupiga risasi wala pointi za kukusanya. Ukitua vibaya umetua vibaya, basi. Hiyo ninayoizungumzia ni Flight Simulator 2004 ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa kama sherehe ya kutimia miaka 100 tangu ndugu wawili wa Kimarekani, akina Wright, waruke Desemba 1903. Ilikuja kwenye CD nne. Najua kompyuta mbili tatu kule Usangi, za mitumba kabisa, ambazo mtu wa Dar angezitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo, na humo ndani bado inaruka. Hiyo mpya inataka mashine ya mamilioni. Hii inataka uvumilivu tu.

Lakini mwenyewe alikwisha ondoka zamani. Mwaka 2006 kampuni ilitoa toleo lililofuata, FSX, na Januari 2009 ikafunga kabisa kile kitengo kilichokuwa kikizitengeneza, kilichoitwa ACES. Watu wakapewa barua zao wakaenda makwao. Februari 2012 likaja jaribio jingine, Microsoft Flight, na Julai mwaka huo huo likasimamishwa. Kwa hiyo mwenye toleo la 2003 likimkwamia hana wa kumpigia simu. Amebaki na CD zake nne na Mungu wake.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Haikufa! Kwenye kila tundu lilipovuja, mtu fulani mahali fulani alikaa usiku akaziba. Milima yetu, kwa mfano. Upare uliokuja ndani ya zile CD ulikuwa mabonge yaliyolainishwa kama ugali uliogeuzwa kwenye sahani. Huwezi kujua Kindoroko ni ipi na bonde la kuteremkia Kikweni ni lipi. Halafu kuna chombo cha anga, Endeavour, kilichozunguka dunia Februari 2000 kwa siku 11 kikipima kwa rada miinuko ya nchi kavu, karibu asilimia 80 yake yote. Vipimo hivyo vikawekwa wazi kwa umma. Wapenzi wa simuleta wakavichukua, wakavigeuza kuwa nyongeza, yaani faili unalolipachika ndani ya programu ya zamani, na ghafla milima ya Upare ikapata mabega. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mwanga, wala hajui kuna watu wanaoitwa Wapare, ndiye aliyetupa sura ya kwetu.

Nyongeza nyingine hata hazionekani kwa macho. Kuna FSUIPC ya Mwingereza Pete Dowson, ambayo kazi yake ni kuwa mkalimani kati ya simuleta na programu nyingine au vyombo ulivyochomeka kwenye mashine. Ukiiondoa, nusu ya nyongeza nyingine zinakuwa bubu. Ndugu yake huyu tunayemzungumzia, FSX, kwenye Windows 7 alikuwa akianguka kila ukifungua menyu mara nyingi. Dawa yake ikagunduliwa kuwa ni faili moja dogo kutoka Windows Vista, unaliweka kwenye folda, ugonjwa unaisha. Nani aligundua? Huwezi kumkuta kwenye kitabu chochote cha historia. Nimekaa nikifikiri juu ya mtu huyo, saa ngapi za usiku zilimpotea kwa faili moja, na kesho yake akaligawa bure kama anayegawa muwa.

Sasa twende penye mwiba.

Simuleta ile ya 2003 ina kufuli. Kila ukiifungua inataka kuiona CD namba 4 kwenye mashine, ili ihakikishe wewe si mwizi. Kufuli hilo linaitwa SafeDisc. Mwaka 2015 ikaja Windows 10, na watengenezaji wake, ambao ni Microsoft wale wale, wakakataa kuiendesha SafeDisc kwa sababu za usalama wa kompyuta. Umeona kituko hicho? Mtu aliyenunua kwa halali, mwenye CD zake na boksi lake na risiti yake, anaambiwa hawezi kuingia. Na njia anayobaki nayo ni faili lililovunjwa kufuli, lililotengenezwa na walewale ambao kufuli liliwekwa kwa ajili yao. Mwaminifu anamfuata mvunja kufuli kumwomba ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Hapa ndipo vijana hugawanyika, na nimesikia pande zote mbili. Wa kwanza husema: kampuni ni ya matajiri, imeshasahau, tujichukulie tu, nani ataumia? Wa pili, mara nyingi ni yule aliyesoma sheria mwaka mmoja, husema: hakimiliki ni hakimiliki, Tanzania tuna Sheria Namba 7 ya mwaka 1999 na tuna COSOTA, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye mali akiacha kuiuza basi imekuwa ya kijiji. Kisheria huyu wa pili yuko sahihi, sitaki kumficha mtu. Lakini wote wawili wanaongea habari za kampuni tu, kana kwamba kwenye kisa hiki hakuna mtu mwingine. Mimi nadhani deni kubwa haliko huko.

Nitaeleza kwa kitu tunachokijua. Anayetoka Upare anaijua ndiva. Asiyeijua aelewe hivi: ni bwawa dogo la kuchimba, kwenye njia ya mfereji unaotoka kwenye chemchemi au kijito huko juu. Usiku maji yanajaa, asubuhi yanafunguliwa yateremke mashambani kwa zamu. Ndiva nyingi zilichimbwa zamani na koo, na mpaka leo baadhi hutajwa kwa majina ya zamani, kama ile ya Manoo kule Bangalala, wilayani Same. Sasa muulize mzee yeyote: ndiva hii ni ile ile aliyoichimba babu? Atakushangaa. Tope limezolewa mara ngapi, kingo zimejengwa upya mara ngapi, kwingine saruji imemiminwa juu ya udongo wa zamani. Hakuna anayelikuta swali hilo gumu. Ndiva ni ile ile kwa sababu watu hawajaacha kuihudumia.

Na hudumiwa kwa msaragambo. Wito unatolewa, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, mfereji unafyekwa, tope linatolewa. Asiyetokea hutozwa faini, na akizidisha, zamu yake ya maji inakuwa na maneno. Tazama haki ilivyokaa hapo: yule babu aliyechimba anaheshimiwa, jina lake lipo, lakini wajukuu wa babu wakikaa vibarazani hawawezi kuwanyima maji wale waliotoa tope. Jembe nalo lina sauti.

Ndugu yangu wa sheria alinijibu papo hapo: "Kaka, chemchemi ni ya Mungu, lakini simuleta kuna binadamu waliolipwa mishahara kuiandika. Huwezi kufananisha." Ni pingamizi la haki na sina namna ya kulizunguka. Walioandika ile programu walifanya kazi, na kazi ile ilistahili bei yake. Anayeweza kupata nakala ya halali na akaikwepa kwa ubahili, huyo hana tofauti na anayeruka geti la mpira. Lakini pingamizi hilo halisemi chochote juu ya wale waliozoa tope miaka hii yote baada ya mwenye chemchemi kuhama. Wao nani anawalipa?

Hebu nikwambie kinachofanyika mjini. Nyongeza nyingi hutolewa bure, na karibu kila moja huja na faili dogo la maelezo. Humo mtengenezaji huandika jina lake, anawashukuru waliomsaidia, na anaweka sharti moja au mawili: usiuze, usiondoe jina, ukirekebisha sema umerekebisha. Basi. Kisha anatokea mshikaji mwenye kibanda cha kuchoma CD na kujaza flashi, anazikusanya zote kwenye mfuko mmoja, anafuta yale mafaili ya maelezo kwa kuwa "yanajaza nafasi", anaandika bei kwa kalamu ya wino. Huyo hajaiibia kampuni ya Marekani, maana hizo si mali yake. Amemwibia mtu aliyetoa bure. Huo kwangu ni wizi mbaya kuliko ule wa kwanza, kwani wa kwanza unamnyima mtu fedha, na huu unamnyima mtu kitu pekee alichoomba: jina lake.

Sisi tunaoandika kwenye kurasa hizi uchungu huo tunaujua vizuri. Shairi lako likitolewa kopi likasomwa bwenini hukasiriki, unafurahi hata hulali. Likisomwa jukwaani kwa jina la mtu mwingine, unataka kupigana.

Yapo pia mambo yanayoonyesha kwamba msaragambo huu ni dhaifu. Mei 2009 ghala kubwa la nyongeza hizi, AVSIM, lilivamiwa na mhalifu wa mtandao. Walikuwa na mitambo miwili, mmoja ukiwa akiba ya mwenzake, naye akaifuta yote miwili. Kazi za miaka kumi na zaidi za watu wasio na mshahara zilining'inia kwenye uzi usiku mmoja. Tangu hapo kila aliyekuwa na nakala kwenye diski yake, hata yule mchovu asiyewahi kutengeneza kitu, alikuwa mlinzi bila kujua. Kwa hiyo simdharau anayetunza tu. Hakuna anayemdai bibi kizee jembe. Akileta maji ya kunywa kwenye msaragambo, amefika.

Tukitaka kuona kwa nini jambo hili si la mchezo, tutazame simuleta mpya. Ile iliyotoka Agosti 2020, iliyoandikwa na Asobo wa Ufaransa kwa ajili ya Microsoft, ni nzuri mno, sitaki kuwa mnafiki. Dunia nzima ipo humo kutoka kwenye picha za angani. Ila dunia hiyo haipo kwenye mashine yako. Inateremshwa kutoka kwenye mitambo ya kampuni kwa njia ya intaneti kila unaporuka, na ile ya Novemba 2024 ndiyo imezidi kuitegemea njia hiyo. Kwa mtu wa Usangi maana yake ni kifurushi kinachoisha kabla hujamaliza kupanda kutoka KIA. Lakini tuseme siku moja intaneti inakuwa bure kama hewa. Bado, kampuni ikifunga bomba, na tumeona 2009 na 2012 kwamba huwa inafunga, utazoa tope lipi? Hakuna ndiva. Kuna bomba lenye mita, na ufunguo wake uko kwa mwingine. Simuleta ya zamani inaweza kurithiwa kwa sababu moja tu: ilikaa mikononi mwetu, na kwa hiyo iliweza kuharibika mikononi mwetu na kutengenezwa humo humo.

Siku moja mjomba wangu, mtu aliyewahi kufanya kazi Nairobi enzi za Jumuiya, alipita nyuma ya kiti akasimama. Kwenye skrini ilikuwa Super VC10, ndege ndefu nyembamba yenye injini nne mkiani, na ubavuni imeandikwa East African.

"Hii mmeitoa wapi?" akauliza.

"Ni nyongeza, mjomba. Kuna watu Ulaya wameichora."

"Watu wa Ulaya." Akakaa kimya kidogo. "Na hapo mkiani usiiguse hiyo rangi, mpwa wangu. Iko sawasawa."

Kwa vijana ambao hawakuambiwa: East African Airways ilianza mwaka 1946, ikawa shirika la nchi zetu kwa pamoja. Kuanzia 1966 ikarusha Super VC10, tano kwa jumla. Moja, 5X-UVA, iliangukia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likafa nalo, Tanzania ikaanzisha Air Tanzania mwaka huo huo. Zile VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza kwa waliokuwa wakizidai. Jeshi la anga la Uingereza likazichukua, likazifunga matangi tumboni, zikawa ndege za kujaza mafuta ndege nyingine angani. Ile yenye namba zetu za Tanzania, 5H-MMT, ikaitwa ZA147, na hiyo ndiyo iliyoruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, tarehe 25 Septemba 2013. Dada yake 5H-MOG, ya mwisho kutoka kiwandani, ilitua siku moja kabla, ikahifadhiwa huko huko Uingereza.

Miaka 36 baada ya sisi kugombana na kugawana vijiko, ndege yetu ilikuwa ingali hewani, ikihudumiwa na mafundi wa watu. Na nakala yake ya kwenye skrini nayo imechorwa na watu wa huko. Nilipolifikiria hilo nilianza kuona kwamba swali langu la mwanzo lina upande ambao haunipendezi. Kama haki ya kusema "hii ni yetu" hutokana na jembe, basi kwenye ndege hii, ya chuma na ya skrini, sisi Waafrika Mashariki tuna haki ndogo sana. Tuna kumbukumbu, na mjomba wangu ana machozi yake, lakini tope wamezoa wengine.

Kuna atakayesema ni umaskini. Kiasi ni kweli. Umeme ulikuwa ukikatika, kompyuta zilichelewa kufika, na kijana wa Kighare mwenye mafuta ya taa hangeweza kuchora ndege mwaka 2004. Siwezi kumdai wa mwaka ule. Wa leo je? Viwanja vya kwetu vilivyokuja kwenye zile CD ni njia tupu ya kurukia na majengo ya kuazima. Nyumba za vijijini zinafanana na za nchi nyingine kabisa. Vifaa vya kuchorea majengo vipo bure. Hakuna mtu wa Chicago atakayekaa usiku kuchora barabara ya kupanda kutoka Mwanga kuja Usangi, wala ana sababu gani ya kufanya hivyo? Wao walikuwa na kazi yao: uwanja wao wa Meigs, ambao karibu kila mtu alianzia safari zake ndani ya simuleta za zamani, meya wao alituma matingatinga yakaukwangua usiku wa Machi 2003, na wapenzi wakaurudisha kwa nyongeza hata kwenye matoleo yaliyoufuta. Meya alibomoa uwanja halisi, lakini ule wa kwenye skrini unatua ndege hadi leo.

Kijana mmoja wa huko kwetu, sitamtaja kwa kuwa hajaniruhusu, ameanza na Usangi. Hakuna uwanja wa ndege Usangi na palipo tambarare pamepandwa migomba, kwa hiyo anachochora hakitatuliwa na mtu, kitapitwa tu kutoka juu. Amemaliza mabati ya shule na msikiti. Kanisa limemsumbua kwenye mnara. Amekwishaandika faili lake la maelezo kabla hata kazi haijaisha, lina mistari minne: jina lake, jina la aliyetengeneza vipimo vya milima anavyovitumia, usiuze, na ukirekebisha sema. Kwa sasa amekwama kwenye mteremko wa soko, kwa kuwa programu inataka kila jengo likae kwenye ardhi iliyonyooka, na Usangi ardhi iliyonyooka haipo.